Kijiti Ulimini

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, kina mama wa Itigi walileta watoto kwa Bibi Hana watobolewe masikio. Mjukuu wake, Dorika, akishateka maji alishika vichwa vya watoto wasifurukute. Bibi alitoboa ndewe kwa mwiba wa mgunga, akapachika kijiti chembamba cha bua la mtama ili tundu lisizibe, akapaka mafuta ya nyonyo. Aliyekuja akilia alirudi akitamba.

Enzi hizo za Mwingereza, treni ilileta watu wa kila namna. Siku moja alishuka mtu wa mazingaombwe, akasimama pale stesheni na kupitisha sindano ndefu katika ulimi wake. Dorika akamwambia rafiki yake Rahabu, "Hata mimi naweza. Ulimi ni nyama tu, kama sikio."

"Wewe? Utalia kama vile vitoto vyenu."

"Nilie nini? Njoo uone."

Akachukua mwiba katika kibuyu cha bibi, wakajificha nyuma ya zizi. Alijitoboa ulimi, kisha akapachika kijiti, vilevile kama alivyoona kwenye masikio. Rahabu alipoona damu alitimua mbio.

Sasa, kwenye sikio kijiti hutulia. Kwenye ulimi mate hayakauki, na chakula hugandamana pale pale. Ulimi ulivimba ukajaa mdomo, hata uji ukamshinda. Baba yake, Naftali, kibarua wa reli, akambeba mpaka zahanati, kwa dresa Damiani.

Dresa alichomoa kijiti, akasafisha usaha. "Nani kakufanyia hivi, binti?"

Dorika hakuweza kutamka. Naftali akakitazama kile kijiti.

"Usimsumbue. Kazi hii naijua. Ni mama yangu."

Dorika akainamisha macho. Aliogopa fimbo.

Nyumbani, Naftali alikipasua kibuyu cha miiba mbele ya majirani. "Mama, umemharibia mtoto wangu. Ukakae kwa ndugu yangu Gabrieli, huko Kilimatinde."

"Mimi sijamgusa," alisema Bibi Hana. Akamgeukia mjukuu wake, akangoja. Dorika akatazama ukuta.

Tangu hapo hakuna mama aliyekuja. Waliokutana na bibi kisimani walimwamkia huku wamewafunika watoto wao kwa kanga. Ulimi wa Dorika ulipona kidogo kidogo, lakini hakusema ukweli. Mpaka asubuhi ile bibi alipokuwa akifunga mzigo wake wa safari, ndipo Dorika alipomshika baba yake mkono.

"Baba, ni mimi. Nilijitoboa mwenyewe."

Naftali alikaa chini palepale. "Mama, nimekukosea," alisema.

Bibi Hana akafungua mzigo. "Mimi sina la kusema. Huyu ndiye aende akawaambie watu."

Dorika akaenda nyumba kwa nyumba, maneno yakimtoka kwa kitata. Wengine walimsikiliza. Mama Simeoni alimuuliza, "Nani kakufundisha kusema hivyo?" akafunga mlango.

Alirudi akilia. Bibi hakumbembeleza.

"Ulimi ulikuwa umevimba, sawa. Shingo ilikuwa na nini? Ungetikisa kichwa tu, mjukuu wangu, siku ile ile. Mtu akisingiziwa mbele yako, na wewe unajua, usingoje mpaka upone ndipo umtetee. Mama Simeoni hatakuja tena kwangu. Haya, futa machozi, ukateke maji."