Masikio ya Kizimba cha Tisa

"Ishirini na mbili. Ishirini na tatu. Ishirini na nne." Inspekta Chepkurui aliondoa kidole kwenye plastiki ya kizimba. "Andika."

Konstebo Isaiah aliandika. Wote wawili walikuwa wamevaa barakoa na ovaroli nyeupe zilizofunika hadi viatu.

"Madam, kule kwetu hii kazi ni ya paka."

"Paka hajui kuandika. Hesabu tena upande wako."

Panya sita walidaiwa kuibwa katika kituo cha utafiti kilicho juu ya mashamba ya chai ya Kiptere. Ijumaa, wahudumu wawili walihesabu panya thelathini wa akiba na kutia sahihi. Jumatatu asubuhi walikuwa ishirini na wanne. Kufikia saa sita, mhudumu mmoja, Okoth, alikuwa seli. Zamu ya Jumapili ilikuwa yake, na mtoto wa dada yake anaugua ugonjwa uleule unaochunguzwa hapo; ilidhaniwa aliwaiba wawe dawa. Kesho asubuhi angesomewa mashtaka.

Chepkurui alifika saa nane. Hakupenda kesi inayokwisha kabla hajafika.

"Daktari, nieleze polepole," alimwambia Daktari Vivian, mkuu wa utafiti. "Panya hawa ni wa nini?"

"Wamezaliwa bila kinga ya mwili. Tunawapa chembe za damu za binadamu, kisha tunawaambukiza kirusi. Kirusi hicho karibu kila mtu anacho na hakimsumbui. Lakini kwa watoto wachache, hasa kule ziwani penye malaria nyingi, husaidia kuleta saratani ya damu. Taya linafura. Panya akiugua hivyo, tunajaribu dawa kwake kabla ya kumgusa mtoto."

"Na walioibwa?"

"Hao bado. Hawajapewa chembe wala kirusi."

"Mwizi atawafanyia nini?"

"Hakuna. Nje ya chumba hiki hawamalizi wiki."

Chepkurui aliitazama tena hesabu ya Isaiah. Mwizi huiba kitu chenye kazi.

"Tumehesabu wa akiba tu," alisema. "Sasa tuwaone wote."

Walipofika kizimba cha tisa, uso wa daktari ulichangamka.

"Hawa ndio furaha yangu. Nilikuwa Nairobi siku kumi. Niliwaacha na uvimbe shingoni, wote sita. Leo asubuhi, hakuna hata mmoja! Dawa imefanya kazi. Nimeshaandikia hospitali barua waanze kuwapa watoto."

"Naomba nimwone mmoja kwa karibu."

Daktari alimshika panya kwa glavu. Chepkurui aliinama. Panya wa vizimba vingine walikuwa na tundu la mviringo sikioni, dogo, lililopona zamani. Huyu alikuwa na mkato wa mshazari kutoka ukingo wa chini, na kigaga cha damu bado kibichi juu yake. Wa pili vivyo hivyo. Wa sita vivyo hivyo.

"Mnawatia alama kwa kutumia nini?"

"Koleo ya kutoboa. Huwa naifungia kwenye droo yangu."

"Na ulikuwa Nairobi."

Daktari alimrudisha panya kizimbani taratibu.

Chepkurui aliujua mkato ule. Utotoni, huko Bomet, alikuwa akiwashika ndama shingo huku babake akiwakata masikio. Kila boma lilikuwa na mkato wake. Lakini mkato peke yake haukumtaja mtu. Nusu ya wilaya ilifuga ng'ombe, yeye mwenyewe akiwamo.

"Isaiah, mlete Okoth. Na yule mwenzake wa zamu ya Jumamosi."

Mwenzake aliitwa Weldon, kijana mrefu, mpole wa sauti. Alipomwona Okoth akiingia na pingu, alijaribu kucheka.

"Afande, muulize kama dawa ya panya wa kuchoma imemsaidia mtoto wao."

"Wewe ukiona mtu wa ziwa unaona mwizi na samaki," Okoth alijibu. "Jumapili nimewapatia chakula na maji. Hiyo tu. Kuhesabu ni Ijumaa."

"Mfungue pingu, Isaiah. Anahitaji mikono." Chepkurui aliweka mezani vipande viwili vya karatasi na makasi madogo. "Tuseme hili ni sikio. Tieni alama. Okoth, wewe kwanza."

Okoth aliigeuza karatasi huku na huku, akaidunga katikati kwa ncha ya makasi. Ikapasuka.

"Sijawahi kukata sikio la kitu chochote, mama."

"Weldon."

Weldon alishika karatasi kwa vidole viwili, akaivuta kidogo, akakata kutoka chini kwenda juu. Mara moja tu. Mkono haukusita.

"Mnafuga ng'ombe?"

"Wachache, afande."

"Nani huwatia alama?"

"Mimi. Tangu mzee augue miguu."

"Hiyo karatasi si ushahidi," Chepkurui alisema kwa upole. "Mimi pia ningekata hivyo. Lakini akiba imepungua sita, na kizimba cha tisa kina sita wenye vidonda vya juzi. Hakuna panya aliyetoka humu akiwa hai. Wale wagonjwa wako wapi?"

Weldon alitazama sakafu.

"Ng'ombe alikuwa anazaa."

"Lini?"

"Alhamisi asubuhi. Ndama alikuwa amekaa vibaya. Nilivuta mpaka saa moja, na zamu ni saa moja na nusu. Sheria inasema ukigusa mnyama nyumbani, usiingie siku mbili. Nilinawa mikono nikaingia. Sikuoga. Jumamosi nilikuta wote sita wamekufa."

"Ukawaweka wa akiba mahali pao."

"Nilikuwa nimeonywa mara moja. Niliingia hapa kama mtu wa kufagia, afande. Ningefukuzwa."

"Na Okoth?"

"Nilidhani watamwachilia. Nani anafungwa kwa sababu ya panya?"

"Weldon," daktari alisema, "leo asubuhi ulisimama pale ukinitazama nikilia kwa furaha."

"Ndiyo sababu, Daktari. Ulikuwa unalia. Ningeanzia wapi?"

Miili, Weldon alisema, ilikuwa shambani kwao, chini ya mistari ya chai, ndani ya mfuko wa plastiki. Isaiah alimtia pingu. Daktari alitoka nje kupiga simu hospitalini, kusema barua yake isifuatwe.

Aliporudi, Okoth alikuwa bado amesimama penye meza. Alikuwa huru, lakini hakuwa ameondoka.

"Daktari, mtoto wa dada yangu jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya hiyo dawa. Kwa hivyo haiponyi?"

"Sijui, Okoth. Hiyo ndiyo kweli. Kizimba cha kumi hadi cha kumi na tano walipewa dawa hiyohiyo. Hao sijawapima vizuri. Nilifurahi mapema."

Okoth alichukua ovaroli safi rafuni.

"Tuwapime."

"Oga kwanza," Chepkurui alisema. "Umetoka seli."

Kufikia saa kumi na mbili walikuwa wamemaliza vizimba viwili. Katika cha kumi, uvimbe ulikuwa uleule. Katika cha kumi na moja, panya wawili kati ya sita walikuwa na uvimbe mdogo kuliko wa mwezi uliopita. Daktari alipima mara tatu, akaandika. Kisha akazima taa ya meza. Panya walikuwa wameshikwa vya kutosha kwa siku moja.

Chepkurui alibandika karatasi ya polisi mlangoni. Asubuhi wangekwenda kufukua mfuko, daktari wa mifugo aseme ni nini hasa kilichowaua.

Simu ya Okoth ililia. Alikuwa dadake.

"Wameniachilia, ndiyo," alisema. Akasikiliza kwa muda. "Hiyo siwezi kukuambia leo. Vimebaki vizimba vinne. Mpe mtoto uji, alale. Bado tunapima."