Kiu ya Askari wa Udongo

Kaka yangu Leodegar hakunywa pombe, hakucheza karata, wala hakuhangaika na wanawake. Starehe yake ilikuwa udongo. Akitoka kazini, alikokuwa karani wa stoo, alivua shati, akakaa nyuma ya nyumba yetu ya Temeke na kufinyanga askari wa zamani. Kufikia mwaka 1949 walikuwa wamejaza rafu nzima. Nilimtania kwamba akioa, mkewe atalala nje kwa kukosa nafasi.

Jumamosi moja alianza mkubwa kuliko wote, wa kufika gotini.

"Huyu ni baba," aliniambia. "Nataka nimpe mama zawadi. Usimwambie."

Baba yetu, Kornelio, alikuwa askari wa Mjerumani. Aliondoka na kikosi chake mwaka 1916, Leodegar akiwa mtoto mdogo na mimi nikiwa bado tumboni. Hakurudi. Walionusurika walisema kikosi kiliishiwa maji porini. Kwetu bara, mtu akifia mbali, ndugu huzika kigogo cha mgomba badala ya mwili wake, matanga yakaisha. Mama yetu, Filomena, alikataa. Hakutaka kumzika mtu anayemsubiri.

Kofia, mkanda wa risasi na vifungo, kaka aliulizia kwa wazee waliopigana vita ile. Rangi alinunua dukani kwa Nazarali, ambaye alimchanganyia kaki mara tatu mpaka ikatoka ile ya zamani. Uso ndio uliomshinda. Baba hakuacha picha hata moja.

"Si mama husema mnafanana kama shilingi kwa ya pili?" nilimwambia. Nikaenda kumletea kioo changu.

Jioni tatu alikaa mbele ya kioo. Alifinyanga pua yake, kidevu chake, mdomo wake aliokuwa akiufumba akifanya kazi. Aliweka hata kovu la juu ya nyusi alilolipata alipoanguka na baiskeli. Nilicheka, nikamwambia baba hajawahi kupanda baiskeli. Naye alicheka, lakini hakulifuta.

Udongo hukaushwa polepole usije ukapasuka, kwa hiyo alimfunika kitambaa kibichi. Baada ya saa moja kitambaa kilikuwa kikavu. Akakilowesha tena. Kikakauka tena. Chini yake udongo ulikuwa mbichi kama umechimbwa siku ile.

Wiki mbili zikapita hivyo. Kaka akaanza kunywa maji mno. Midomo ilimpasuka, mashavu yakabonyea. Nilimwomba aache. Hakunisikia.

"Acha nimvalishe tu," alisema, akafungua makopo ya rangi.

Alipaka kaki, akapaka vifungo. Macho aliyapaka mwisho. Kesho yake hakuweza kuinuka kitandani.

Mganga wa zahanati alikuja, akaondoka bila kutaja ugonjwa. Kaka alimaliza ndoo nzima ya maji, lakini ngozi ya mkono ukiifinya ilibaki imesimama. Niliogopa. Nilijua kabisa kwamba anakufa.

Mchana ule mama alikwenda uani kuchukua maji. Niliposikia kimya, nikamfuata. Alikuwa amefunua kitambaa.

"Kornelio," alinong'ona.

"Mama..."

"Amekuja. Anataka kaburi lake, ndiyo maana anamnyonya mwanangu. Tumzike sasa hivi, mtoto apone."

"Mama, huo uso si wa baba. Ni kioo..."

"Nyamaza, Benedicta. Mie namjua mume wangu."

Nikanyamaza. Naona aibu kuandika hivi, lakini nilinyamaza. Nilitaka kaka apone, na sikuwa na dawa nyingine.

Tulichimba karibu na ua, saa nane, jua likiwaka. Mama alimviringisha katika kitambaa kile, akasali. Tukatupia udongo. Ndani ya nyumba kaka akakohoa. Tukatupia tena. Akakohoa tena. Tukafukia. Kikohozi kikakatika.

Kisha mlango ukafunguliwa.

Alisimama wima, visigino pamoja. Midomo ilikuwa mizima. Alichukua ndoo, akanywa bila kuvuta pumzi. Akamtazama mama.

"Filomena," alisema. "Umezeeka."

Mama alipiga magoti, akilia kwa furaha. Yeye akanigeukia.

"Na huyu binti ni wa nani?"

"Ni wako," mama alinong'ona. "Benedicta, msalimie baba yako."

Nilimtazama juu ya nyusi. Hapakuwa na kovu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba."

Aliishi nasi miaka minne. Mama hakupata kuwa na furaha kama ile, na sikuthubutu kumwuliza mwanawe yuko wapi. Siku tuliyomzika mama, yule mtu alitoka makaburini akitembea kwa hatua za gwaride, akashika barabara. Sikumwona tena.

Nilirudi nyumbani, nikachukua jembe.

Kitambaa hakikuwa kimeoza. Rangi haikuwa imebanduka. Kovu lilikuwa mahali pake. Lakini mdomo, ambao kaka aliufinyanga umefumbwa, ulikuwa wazi kabisa. Ulijaa mchanga.

Niliutoa mchanga kwa kidole, kidogo kidogo, nikimwomba radhi. Sasa yuko chumbani kwangu, pembeni ya kitanda. Kila asubuhi namfunika kitambaa kibichi. Kabla sijamaliza kufagia, kimeshakauka.