Anasema Kiti Iko Kidogo

Ile mangaribi Plamedie, mujukuu wangu, alikatala kupeleka sahani.

"Nkambo, kule siendi tena."

"Yulu ya nini? Kuko simba?"

"Grand-père Casimir anaongea peke yake. Jana aliniangalia sawa vile hanijue."

"Casimir hajue hata bei ya chumvi. Njo we unashangaa?"

Nilikamata sahani mi mwenyewe. Bukari, samaki bitoyo mbili, majani ya sombe kidogo. Nilivuka parcelle, kiwanja ya nyumba. Courant ya umeme ilikuwa imekatika mu quartier Hewa Bora muzima, na jua ilibakia kidogo tu yulu ya mabati.

Casimir njo mudogo wangu. Anaikala mu annexe, kanyumba ka nyuma ya nyumba yangu, tangu bibi yake alimuchoka. Mutu ya kuvaa kravati juu ya kuenda kuchota maji! Alisoma kwa bapadri, kiisha alikuwa anachoraka makaratasi mu biro, na mpaka leo anaongea na mi sawa vile anaongea na mbuzi. Mi sikusoma. Mais mi njo najua magomvi yote ya hii famille. Nani alinyima nani, na mwaka gani. Na ugomvi mukubwa kupita yote iko ya Casimir.

Sikilizeni.

Mukubwa wetu alikuwa Kangwa. Wakati ya Sécession, Katanga ilipojitenga, alikuwa soda, ni kusema askari, alikuwa anachunga avion, ndege ya vita, ku piste. Vita iliisha vibaya, akaenda Angola na benzake. Hakurudia. Kiisha myaka kumi na mbili banatuletea habari ya kifo yake, na mukaba yake ya ngozi. Ile tu. Sasa kwetu, mutu akikufwa, jina yake habaiachake mu njia. Banakalisha mwingine ku mukeka, dada anamufunga mukaba ya marehemu ku kiuno, anamwita na ile jina. Njo kupiana. Marehemu anapata pa kuikala, anatulia. Mama alimuomba Casimir. Casimir alikuwa na myaka kumi na munane, na miwani. Alijibu:

"Mama, mi siko mushenzi."

Mama alikufwa na ile neno mu roho. Mukaba niliiweka mu malle, sanduku yangu. Hamusini mwaka iko mule, na hamusini mwaka namutukana Casimir. Hakuna siku nilisahabu.

Kiisha, mu huu uzee yake ya bure, anaanza kuchonga avion. Ya miti. Ile ile ya Kangwa, yenye mukia sawa masikio ya sungura. Myezi sita! Mwili ya mulombwa, ule muti mwekundu. Mabawa, mbao ya caisse ya tomate. Kioo ya pilote, alikata mu chupa ya maji. Anasugua mbao na papier verre, ile karatasi ya muchanga, anapaka vernis ya kungarisha, anasugua tena. Croisette tatu, ile misalaba ya Katanga, ku bawa, alichora na bulosi ya Plamedie ya kupaka makucha. Yenga, siku ya misa, benzake ba seminaire bangekuya kuona.

"Yaya, hii inaitwa œuvre d'art, kazi ya sanaa," aliniambia mi dada yake mukubwa.

"Inaitwa muzee mwenye hana kazi."

Bon. Nilifika ku mulango wa annexe.

Shwaa... shwaa... shwaa...

Papier verre. Mu giza. Fundi gani anasugua mu giza?

"Casimir! Kula."

Shwaa... shwaa...

Harufu ilinikamata ku pua. Vernis, ndiyo. Mais chini ya vernis... petroli. Na tumbaku ya kusokota. Casimir havutake. Anasema tumbaku iko ya bantu ba chini.

Niliwasha torche ya telefone.

Avion ilikuwa ku meza, inangaa. Sitabadanganya, ilikuwa muzuri, na ile iliniuzi. Mais katikati, pale pilote anaikalaka, palikuwa tundu. Kubwa. Kichwa ya mutoto ingeingia. Casimir aliinama pale, anasugua ndani, anasugua, na vidole yake...

Mulombwa iko na maji mwekundu. Ukiukata mubichi, unasema damu. Mais ule muti ulikuwa mukavu tangu myaka.

Chini ya meza ilikuwa inatona.

To... to... to...

"Casimir. Hii kintu iliisha tangu siku ya nne ya hii juma. Ulinionyesha. Unasugua nini?"

Hakuinua kichwa. Alinongona.

"Anasema kiti iko kidogo."

"Nani?"

"Siwezi kuacha, yaya. Nikiacha, anakuya kuikala ku kifua yangu. Pumuzi inakatika. Anasema... kiti iko kidogo."

Nilipeleka torche mu tundu. Niliona ngozi ya zamani, na boucle ya shaba, ya kufungia: mukaba ya Kangwa. Nusu. Alikata na kisu, akaigonga na misumari, sawa mukaba ya pilote.

"Ulifungula malle yangu?"

"Nilitafuta ngozi tu... juu ifanane na ya kweli. Mule ilikuwa inaoza bure."

"Na haya maandiko ku pembeni?"

"Kangwa. Niliandika Kangwa. Hommage, heshima tu, yaya..."

Bantu ba kanisa bangesema Casimir iko mulozi. Wapi! Bulozi inaomba akili. Ule mujinga alimupianisha marehemu ku mbao. Mukaba na jina, yote mbili, na mukono yake mwenyewe. Mutu muzima alitembea hamusini mwaka anatafuta nyumba, na we unamupatia kamuti ya kuchezea!

Niliangalia vidole. Angesugua mpaka mifupa. Kiisha mifupa, ni nini? Dawa ilikuwa moja: mukaba irudie ku kiuno ya mutu, mbele ya roho ya Casimir kuishia mu ile tundu.

"Simama. Nakufunga we."

"Yaya, mi siko..."

"Mushenzi? Angalia mikono yako, monsieur!"

Alisimama. Alikuwa analia bila sauti. Mukono moja ilibakia ndani, inasugua peke yake. Shwaa... shwaa... Nilingoa misumari na ncha ya kisu. Mukaba haikufika kuzunguka kiuno, nilipasula kitambala yangu, nikaunga.

Neno iko moja tu. Mama alinifundisha mbele ya kufwa. Unasema: Kangwa, ikala na Casimir. Njo ile tu. Mutoto wa myaka tano angeisema.

Mais hasira ya hamusini mwaka ilinipanda ku shingo. Nilikaza fundo na nguvu, na nikasema:

"Casimir, toka pale! Acha mukubwa aikale!"

Kusugua kuliacha. Hata kutona kuliacha.

Alipumua... murefu. Kiisha aliikala ku kiti. Hakukunja miguu sawa padri, vile anafanyaka. Aliipanua, mikono ku magoti. Alivuta sahani, alikata tonge, alitafuna.

"Bukari yako haiivi vizuri mpaka leo, Chama."

Chama... Ile jina ya mu utoto. Casimir hakuniita vile hata siku moja. Kwa Casimir mi niko yaya, hata wakati ya kunitukana.

"Acha michezo, Casimir." Namujua. Mwongo. Alipendaka tangu zamani kula wa kwanza, sawa mukubwa.

Hakucheka. Alinongona:

"Ile asubui niliondoka, nilisimama ku mulango wa chumba yenu. Nilikuomba maji ya kuweka mu gourde, chupa ya safari. Mara mbili. We ulifunga macho." Alimeza. "Haukukuwa unalala, mudogo."

Casimir ile asubui alikuwa na myaka sita. Alikuwa analala, kinywa wazi. Na mi sikuambia mutu. Hata mama. Hata padri.

Docteur alisema ni tension, ilipanda mu kichwa. Plamedie anasema ni uzee. Yenga benzake ba seminaire balikuya na bakravati yabo, ye hakumujua hata moja wabo. Alizunguka avion, akasema mukia inapotoka. Vidole inapona. Analala vizuri, anakula vizuri. Anavuta tumbaku.

Na mi siwezi tena kumutukana. Mukubwa habamutukanake.

Hamusini mwaka nilimuambia Casimir fanya hivi, hakufanya. Enda kule, hakuenda. Siku moja tu namuambia toka... anatii.

Alitoka. Alienda wapi?

Mwenye anajua analala mu annexe yangu. Kila mangaribi namupelekea sahani. Ninasimama ku mulango, ninafungula kinywa nimuulize. Na ye anainua macho, anangojea, sawa vile jibu iko tayari.

Ninaweka sahani chini. Ninarudia mu nyumba.