Siku Kundi la Mengineyo Lilipopotea

Kila asubuhi hapa kwetu katika mji wa Thunder Bay, kabla hatujaondoa theluji mlangoni, baba yangu Eino hujichoma kidole na kupima sukari. Kisha hufungua kompyuta yetu kuukuu inayotumia mfumo wa Linux na kuandika namba katika programu iitwayo Daftari la Sukari. Mimi na yeye tunajua njia moja tu ya kuifikia: bonyeza menyu, ingia kundi la Mengineyo, hiyo hapo.

Binti yangu Aili, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye anayeijua kompyuta ile. Jumanne jioni nilimwambia aufute mchezo wa mbio za theluji, maana alama zake za hesabu zilikuwa zimeporomoka.

"Nimeshaufuta, mama."

Nikatazama menyu, sikuuona. Nikaridhika.

Jumatano asubuhi baba alifungua menyu akaduwaa. Kundi zima la Mengineyo halipo! Na kesho yake daktari alitaka namba za miezi mitatu, apate kuamua kiasi cha insulini.

"Baba, umebonyeza nini tena?" nilifoka.

"Sijabonyeza kitu." Akaitazama mikono yake. "Au labda nimebonyeza. Imekuwa mizito siku hizi."

Aili alikoroga uji wake wa shayiri, hakuinua uso.

Aliporudi kutoka shule alimkuta babu yake mezani na penseli.

"Njoo, mwalimu wangu," babu alimwita. "Jumapili ile tuliyokula pai, sukari yangu ilikuwa ngapi? Nisije nikampa daktari namba ya kubuni akanizidishia dawa."

Aili akaangua kilio. Nilitoka jikoni mbio.

"Siyo babu, mama! Ni mimi. Mchezo sikuufuta, niliuficha. Uko Mengineyo, basi kwenye mipangilio ya menyu nikaondoa alama ya vema ya kundi zima, likafichika. Nikitaka kucheza naandika jina lake tu, unafunguka. Sikujua Daftari la babu linakaa humo humo. Asubuhi nilijua, nikaogopa kusema."

"Sasa namba zote zimepotea?" nikauliza.

"Hapana, mama. Menyu ni orodha tu. Programu zenyewe zipo."

Akairudisha ile alama. Kundi la Mengineyo likatokea, na ndani yake Daftari na namba zote. Chini yake, mchezo.

"Kumbe jirani wa Daftari langu ni huyu!" babu akasema. "Ndiye aliyenifungia nje?"

Tulicheka, Aili akicheka na machozi. Kisha akaufuta mchezo kabisa, sote tukitazama.

"Nisamehe, baba," nikasema. "Nimekusingizia."

"Nipikie supu ya samaki, yaishe."

Kesho yake sote watatu tulikwenda kwa daktari, akazisoma zile namba akapunguza insulini. Alisema asubuhi sukari ilikuwa inashuka mno. Je, kama angepewa namba za kubuni akaongeza dawa, ingekuwaje?

Njiani kurudi nilimwambia Aili, nanyi watoto mnaosoma nawaambia hivyo hivyo: "Kidole kukosea ni kawaida, mwanangu, hata mimi hukosea. Lakini ulificha kitu chako, ukafunika na cha babu. Kisha ukanyamaza kutwa nzima, naye anailaumu mikono yake isiyo na kosa. Siku nyingine niambie mapema, hata kama nitafoka."

Aili aliushika mkono wa babu yake, wakavuka barabara yenye barafu taratibu, mimi nyuma yao.