Fimbo Kwenye Mlango wa Bafu

Mnada wa Katesh hauna heshima kwa mtu aliyevaa nguo nyeupe. Siku ile ng'ombe walikuwa kila upande, vumbi limepanda juu kuliko mabati ya maduka, upepo wa mlimani unalisukuma mpaka ndani ya chai za watu. Katikati ya hayo yote akaja kijana amevaa suruali ya jinzi nyeupe, viatu vyeupe na miwani ya jua. Mkononi alikuwa na fimbo nyeusi ya babu yake, lakini aliishika kama mtu aliyeshika mwavuli. Dume moja jekundu likamtazama, likaona upuuzi, likampiga kikumbo. Kijana akakaa kwenye kinyesi kibichi, miwani huku, kiatu kule.

Watu walicheka mpaka bei zikasimama.

"Nenda kwa Efrazia ukaoge," dalali akamwambia. "Hivyo ulivyo hata bodaboda hatakubeba."

Efrazia alikuwa na bafu la kulipia nyuma ya stendi. Kibanda cha mabati, sakafu ya saruji, mlango mmoja wa mbao. Nje pipa la maji juu ya mawe matatu, kuni za mkaratusi chini yake, na majani ya mkaratusi ndani ya maji ili yanukie. Walioga pale madereva wa malori, wachuuzi, wapanda mlima, watu wa mnada. Utaratibu ulikuwa mmoja tu na kila mtu aliujua: mwanamume akiingia anaegesha fimbo yake mlangoni, mwanamke anatundika khanga juu ya mlango. Mwingine akiona, anangoja.

Mwenyewe Efrazia alikuwa msichana mrefu wa Gehandu, amevaa sweta la kijivu lililotoboka kiwiko na kitenge cha maua ya njano. Alikuwa na macho mazuri, lakini aliyatumia vibaya. Alimtazama kijana kuanzia viatu mpaka nywele, akasonya.

"Maji ya moto yapo?" kijana akauliza.

"Hili ni bafu la maji ya moto. Ulidhani nauza pilau?"

"Na bomba la mvua lipo?"

"Bomba la nini?"

"La mvua, dada. Maji yanatoka juu yanakumwagikia."

"Juu kuna mawingu. Ngoja Machi."

Shangazi Kornelia, aliyekuwa akikaanga maandazi pembeni, alicheka mpaka mwiko ukamtoka mkononi.

"Shikamoo shangazi," kijana akasema kwa haya.

"Marahaba baba. Pole. Nani huyo amekuvalisha hivyo uje mnadani?"

Aliitwa Tluway, mtu wa Tumati, yuko likizo. Baba yake alimtuma anunue ndama. Alifanya kazi kwenye meli ya watalii, idara ya mabafu.

"Idara ya mabafu!" Efrazia akasema. "Na bado umekuja kwangu unanuka ng'ombe."

Tluway akaegesha fimbo, akaingia. Alipotoka alikuwa amejifunga shuka la shangazi, maana nguo zilikuwa zimefuliwa na kuanikwa kwenye waya. Ikabidi akae karibu na moto akingoja zikauke. Mtu mwenye shuka la kuazima hawezi kujidai sana, na hapo ndipo Efrazia alipoanza kumsikiliza.

"Kuna chumba cha joto kikavu," Tluway akaeleza. "Wanakiita sauna. Watu wanakaa kwenye mbao, wanatoka jasho."

"Halafu?"

"Halafu wanaoga maji ya baridi kama barafu."

"Halafu?"

"Wanarudi kutoka jasho tena."

"Wametoka kufanya kazi gani?"

"Hakuna kazi. Wametoka kula."

Efrazia akatikisa kichwa kwa huruma yenye dharau. "Waje Gehandu tuwape majembe. Jasho watapata, na baridi ya jioni hatuwauzii."

Tluway akacheka, cheko la kweli, bila miwani. Efrazia akaona kwamba meno yake ya mbele yametiwa rangi na maji ya huku, kahawia kidogo kama ya kwake. Akainama kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Ile suruali ilikauka saa nyingi kabla Tluway hajaondoka. Kesho yake alirudi na uchafu wa kujitafutia. Keshokutwa pia.

"Unaoga kama mtu aliyetenda dhambi," shangazi akamwambia.

Likizo ilipoisha, alikuwa ameshasema alichotaka kusema. "Nikirudi nitaleta wazee kwa baba yako."

"Baba ana Baltazar wa Endasak," Efrazia akajibu. "Ana mashine ya kukoboa mahindi na tumbo la kuiwekea. Baba anampenda kama vile yeye ndiye ataolewa."

"Na wewe?"

"Mimi nimemwambia baba namngoja mtu wa meli. Alicheka siku nzima. Kwa hiyo ukinidanganya, Tluway, sitacheka mimi. Atacheka Baltazar, na nitaolewa naye huku anacheka. Baba amesema mavuno yakiisha hajakuja mtu, ndiyo basi."

Basi Tluway akarudi melini na fimbo yake, na mapenzi yao yakahamia kwenye simu. Meli ikitia nanga mahali penye mtandao, simu ya Efrazia inalia katikati ya moshi.

"Haloo, mama wa moto."

"Haloo, bwana taulo. Umekunja mangapi leo?"

"Mengi. Nimekukumbuka kwenye kila moja."

"Usinikumbuke kwenye taulo la mtu mwingine. Watu wako wanaendeleaje? Bado hawajachoka kupumzika?"

"Leo mmoja ametulalamikia kwamba mvuke una unyevunyevu."

Efrazia alicheka mpaka mteja ndani ya bafu akauliza kuna nini.

Mahindi yalipoanza kukauka shambani, Tluway akapiga simu ya picha. "Leo nakutembeza, mpenzi. Wageni wako kwenye chakula. Ita na shangazi."

Shangazi akaja na unga mikononi. Clement, dereva wa lori la maharage aliyekuwa kwenye foleni, akachungulia juu ya mabega yao. Tluway akawaonyesha vitanda vya mawe vyenye moto chini yake.

"Wanakaangwa," shangazi akasema.

Akawaonyesha bomba la mvua, maji yanashuka kutoka darini yakiwa na taa za bluu. Akawaonyesha ndoo ya mbao iliyoning'inia. Unavuta kamba, maji ya barafu yanakumwagikia kichwani.

"Mtu analipia hiyo?" Efrazia akauliza. "Mimi mteja wangu nikimmwagia maji ya baridi ananipeleka polisi."

"Na huku ni chumba cha mvuke," Tluway akasema, akageuza simu.

Hapo mvuke ukaifunika kamera. Picha ikawa nyeupe. Lakini kabla haijawa nyeupe kabisa, wote watatu waliona mlango wa kioo, na kwenye mlango huo imeegemea fimbo nyeusi ya babu yake Tluway. Kisha mlango ukafunguka. Akatoka mwanamke wa Kizungu. Uso haukuonekana kwa mvuke, ila miguu mitupu na taulo. Simu ikayumba, wakaona mkono wake ukimpapasa Tluway shavuni. Sauti ikasema maneno mengi, na mwisho neno moja ambalo hata shangazi alilijua: dalingi.



"Fimbo ya nani ile?" shangazi akauliza polepole. "Fimbo mlangoni, mwanamke ndani. Mwenye fimbo alikuwa wapi?"

Mtu wa huku hahitaji kuelezwa jambo hilo. Fimbo ya mwanamume ikiegemea mlango ambao ndani yake kuna mwanamke, mwenye fimbo ndiye mwenye nyumba, mume wa aliye ndani. Hata mtoto anapita mbali.

"Efrazia! Ngoja, Efrazia, huyu ni..."

"Ni dalingi," Efrazia akasema. "Nimesikia." Akakata.

Tluway alipiga tena mara nyingi. Efrazia akaifunga namba yake. Clement, ambaye kichwa chake kina nafasi kuliko lori lake, aliibeba habari mpaka Basotu, na aliporudi ilikuwa imeota pembe. Wanawake wa stendi wakaanza kumpa Efrazia pole kwa midomo iliyobanwa ili isicheke. Mzee Sulle, baba yake, hakucheka safari hii, na hilo lilimuumiza zaidi. Alisema tu, "Wazee wa Baltazar watakuja Jumamosi." Efrazia akajibu, "Sawa baba," akaenda kupasua kuni ambazo tayari zilikuwa zimepasuliwa.

Siku ya mnada wiki hiyo, foleni ya bafu ilifika mpaka kwenye karai la maandazi. Tluway akatokea upande wa mabasi. Amevaa sweta la kahawia na mabuti ya mpira. Hakuwa na miwani.

Efrazia alimwona. Moyo ukampanda, akaushusha kwa nguvu. "Foleni inaanzia kule," akasema.

Tluway akaenda kule. Akasimama nyuma ya mchuuzi wa vitunguu, akasogea hatua kwa hatua kama wengine, watu wanamtazama, wanaminyana. Akafika mbele.

"Efrazia."

"Ndoo moja au mbili?"

"Yule alikuwa bibi kizee."

"Ahaa. Wanaume mkikamatwa, kila mwanamke anazeeka ghafla."

Foleni ikacheka. Tluway hakucheka. "Kule wanaingia wote pamoja, wanaume kwa wanawake. Nilimkuta yule mama nje ya chumba cha mvuke, ameshika taulo mpaka shingoni, na kuna wababa watatu na vitambi vyao wanataka kuingia naye. Aliona haya. Umri wa bibi yangu, Efrazia. Nikamwambia ingia mama. Nikaegesha fimbo mlangoni."

"Wazungu wanajua fimbo?"

"Hawajui. Wakaniuliza hii ni nini, nikawaambia ni mlango umefungwa. Wakakasirika, wakaenda kula. Ndipo nikakupigia, huku naulinda mlango ule kwa jicho."

"Na kukupapasa?"

"Alikuwa anashukuru. Kule hata paka wanamwita dalingi."

Shangazi Kornelia aliacha kukaanga. Efrazia alikunja mikono. "Hadithi nzuri. Umeitunga njiani? Maana basi linachukua muda."

"Wale wababa walinishtaki. Bosi akaniita, akasema watu hawalipi pesa yote ile ili wakute fimbo ya mchunga ng'ombe mlangoni. Akasema niitupe baharini niendelee na kazi, au nishuke nayo bandari inayofuata."

"Ukafanyaje?"

Tluway akainua mkono. Fimbo nyeusi ya babu yake ilikuwa pale, ncha yake ina matope ya Katesh.

"Unaiona," akasema.

Efrazia akaitazama ile fimbo muda mrefu. Hakuna aliyecheka, isipokuwa Clement, na shangazi akamkanyaga.

"Umepoteza kazi kwa ajili ya mti," Efrazia akasema hatimaye. "Mjinga wewe. Na hujaniletea hata sabuni?"

"Mwongo angeleta marashi," shangazi akanong'ona, lakini kwa sauti ya kusikika.

"Sikuja kuoga," Tluway akasema. "Nimekuja wewe uoge. Umewahi kuoga humu?"

Swali lile lilimkuta vibaya. Tangu awashe moto ule alikuwa akioga nyumbani Gehandu, maji ya kisimani, meno yanagongana, kwa sababu maji ya moto ni ya wenye kulipa. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

"Nina wateja," akasema.

"Watangoja."

Tluway akachochea kuni. Akachota ndoo mbili, akatia majani mapya ya mkaratusi, akazibeba mwenyewe mpaka ndani, mabuti yanapiga kelele kwenye saruji. Alizijaza kama alivyokuwa akiwajazia watu wa meli, ila safari hii hakukuwa na wa kulalamika kuhusu mvuke. Akatoka, akamshikia mlango.

Efrazia aliingia akiwa amekunja uso ili watu wasifikiri amefurahi. Lakini ndani, maji ya kwanza yalipomshuka mgongoni, alifumba macho. Joto likampenya mpaka kwenye magoti. Harufu ya majani ikamfungua kifua. Akasimama pale akilia kidogo, na kwa vile alikuwa akijimwagia, hakuna ambaye angejua.

Akasikia nje kitu kikigonga ubao, taratibu. Kisha minong'ono. Kisha viatu vingi vikirudi nyuma.

Alipotoka amejifunga kitenge, kilemba kibichi kichwani, mvuke unapanda mabegani, aliikuta fimbo imeegemea mlango wake. Tluway alikuwa amesimama kando, mikono mitupu. Foleni yote ilikuwa imerudi nyuma hatua kadhaa, kama inavyotakiwa. Walikuwa wanangoja aipige teke.

Efrazia akaishika, akaipima. "Imepinda kama mwenyewe," akasema. Akairudisha pale pale mlangoni, akaiegesha vizuri zaidi.

"Baltazar analeta wazee Jumamosi," akamwambia Tluway bila kumtazama. "Wa kwako wafike Ijumaa. Waambie baba yangu hapendi maneno mengi. Na wewe usije na ile suruali nyeupe."

"Sawa, mama wa moto."

"Nani amekuruhusu kuniita hivyo? Leta kuni."

Clement akasogea mbele na taulo begani. "Sasa mimi naweza kuoga?"

Efrazia akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia, akasonya kwa raha.

"Huoni kuna fimbo mlangoni?"