Kitanda Alichokipima Kaka

Haya sikuhadithiwa na mtu. Turubai za kile kijumba nilizishona mwenyewe, kwa cherehani yangu, na aliyepotea ni kaka yangu, tumbo moja.

Kaka alikuwa dereva wa lori, lile la nyuma wazi, sakafu tupu. Safari zake wiki mbili, tatu. Wifi yangu alichoka kulala peke yake, akamwambia bila kupepesa macho: ama twende wote, ama narudi kwetu. Basi kaka akaamua kujenga kijumba juu ya sakafu ya lori, nyuma tu ya kichwa. Kuta za mbao hadi kiunoni, juu turubai, na paa la bati la kuinua. Ukisimama unalisukuma juu, ukiondoka unalishusha na kulifunga kwa komeo nne za nje. Alikuwa na furaha mpaka anakera.

Fundi wa kuchomelea alipotaka urefu wa kitanda, kaka alikwenda nyumbani mchana, saa saba. Akamkuta mkewe amelala, kajifunika shuka gubigubi. Akampima kwa uzi, utosini hadi nyayoni, taratibu asimwamshe. Akarudi karakana anacheka peke yake.

Siku ya kufunga bolti za mwisho, wifi akapanda kukijaribu kitanda. Miguu yake ikaishia mbali na ukingo. Nafasi iliyobaki ilitosha mtoto kukaa.

"Mume gani wewe, hata urefu wa mkeo huujui?" nikamtania.

"Nilimpima mwenyewe, juzi saa saba."

Wifi akainuka, akakaa. "Juzi saa saba nilikuwa kwa dada yako. Namshikia turubai ashone."

Ilikuwa kweli. Alikuwa kwangu tangu asubuhi. Kicheko kikanikauka.

Nikamsihi kaka akivunje kitanda. Sikio la kufa halisikii dawa. Akasema labda alichanganya siku, akakosea na kupima. Tukatoka kijumbani, tukashusha paa tufunge. Likagoma. Lilikwama shubiri moja juu ya ukuta, likadunda kidogo, kama umekalia mto. Tukalikandamiza wote wanne, fundi naye. Ndani kitu kikahema.

Wifi akashuka, akaapa hapandi tena. Mimi nikamshika kaka mkono.

"Usiende nacho. Nakuomba."

"Mzigo unasubiri, dada. Nitalala kwenye kiti cha mbele."

Akaondoka asubuhi, jua likiwaka.

Siku ya tatu lori likaonekana kando ya barabara, ufunguo mahali pake. Tulikwenda wifi na mimi. Komeo zote nne zilikuwa zimefungwa, kwa nje. Tukafungua. Tukainua paa. Hakuna mtu.

Godoro lilikuwa limebonyea mara mbili. Upande mmoja ni mgongo wa kaka, wifi aliutambua. Bonde la pili lilichukua urefu wote wa kitanda, ukingo hadi ukingo.

Wifi akaweka kiganja humo, akakitoa upesi.

"Pana joto," akaninong'oneza.