Muhuri Alioukataa Bi Herufi

Lifti ya jengo lile ilipogoma, watu kama thelathini walijazana ukumbini wakiikodolea macho, kana kwamba ikiona haya itafunguka. Kila mtu ana haraka, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba Mungu alimpa miguu. Mara mlango ukaachia nusu, akachungulia kijana mwenye ovaroli ya buluu, grisi mpaka kwenye nyusi, bisibisi nyuma ya sikio.

"Imepona," akatangaza. "Nataka mtu mmoja tuijaribu naye. Asiwe mwoga."

Umati ukampisha dada mmoja mwenye gauni la njano na viatu vya kisigino, bahasha nne kifuani.

"Ikianguka je?"

"Tutaanguka wote, dada. Hutakuwa mpweke."

"Heri upweke kuliko kufa nimepakwa grisi."

Akaingia, hata hivyo. Walipopita ghorofa ya tatu fundi alikuwa amekwisha jua kwamba dada huyu ni mtafsiri aliyeapishwa, ofisi yake ghorofa ya sita, Kiingereza kwenda Kihispania.

"Vitabu?"

"Vitambulisho. Vyeti vya kuzaliwa. Leseni."

"Hiyo nayo kazi? Si jina na tarehe tu?"

Dada akachomoa nakala ya kitambulisho. "Hebu ona. D.O.B., herufi tatu. Karani wa ubalozi halipwi akisie, kwa hiyo naandika kwa kirefu, *fecha de nacimiento*, tarehe ya kuzaliwa. Hapa kuna M, mwanamume. Pale kuna Reg. No., namba ya usajili. Kikadi cha ukubwa wa kiganja kinazaa kurasa mbili."

"Kumbe wewe ni Bi Herufi!"

Jina likaganda. Na kuanzia siku hiyo lifti ya jengo ikawa mgonjwa wa kudumu: leo kengele, kesho taa, keshokutwa eti "inatoa mlio." Mwenye jengo alishangaa. Sisi hatushangai. Kila ilipougua, fundi alipiga simu ghorofa ya sita.

"Bi Herufi, umekula?"

"Nina vyeti saba mezani."

"Sikuuliza vyeti. Vyeti havikondi."

"Njoo saa saba. Na unawe."

Miezi minane ikapita hivyo, mapenzi yao yakinukia sabuni ya grisi. Ndipo fundi akapata mkataba: miaka miwili ya kufunga lifti katika nchi moja isemayo Kihispania. Wiki ya tatu ubalozi ukampangia Alhamisi, saa mbili asubuhi. Alitakiwa apeleke kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na cheti cha ufundi, vyote vimetafsiriwa na kugongwa muhuri wa mtafsiri aliyeapishwa. Akikosa Alhamisi, nafasi anapewa mwingine.

"Bahati yangu, mtafsiri ninaye mwenyewe," akasema, akimkabidhi hati kama mtu aletaye zawadi.

Bi Herufi akatabasamu kwa nusu ya mdomo. Ile nusu nyingine ilikuwa ikihesabu miaka miwili.

Kazi akaianza siku hiyo hiyo. Vifupisho vyote vikakubali, isipokuwa kimoja nyuma ya kitambulisho, chini ya saini: S.B.4. Hakikuwemo katika orodha zake, wala wenzake hawakukijua. Na mtafsiri aliyeapishwa hakisii; asipojua huuliza, asipojibiwa huuliza tena. Akaanza kupiga simu ofisi ya usajili. Jumatatu wakamwambia asubiri. Jumanne wakamwambia aliyemwambia asubiri yuko likizo.

Jumanne jioni fundi akapiga.

"Mpenzi, hati zangu vipi?"

"Kimebaki kifupisho kimoja."

"Kimoja! Andika chochote, nani atajua?"

"Mwaka juzi kuna mtafsiri aliandika chochote. Mteja wake akarudishwa dirishani, akaanza upya. Miezi minne."

"Au hutaki niende?"

"Fundi, wewe ukikuta waya usioujua, unaukata ujaribu bahati?"

Fundi aliona ameshindwa, kwa hiyo akakasirika. Ndivyo wengi wetu tufanyavyo.

Jumatano saa nne akapanda ghorofa ya sita. Bi Herufi, blauzi nyeupe, macho mekundu ya kukesha na simu za watu wa likizo, akampa bahasha. Fundi akaifungua. Kurasa zote zimo, zimepangwa vizuri, lakini mahali pa muhuri pakavu kabisa.

"Muhuri uko wapi?"

"Mpelekee Miwani Mbili, mtafsiri mwenzangu, ghorofa ya pili. Nimeshazungumza naye. Atakagua, halafu atagonga yeye."

"Wewe mkono umevunjika?"

"Siwezi kugonga."

"Huwezi au hutaki?"

Bi Herufi akatazama dirishani. "Vyote viwili."

"Basi ungesema tangu mwanzo hutaki niende. Mimi si lifti, Bi Herufi, mpaka unikwamishe katikati."

Akaondoka kwa ngazi. Na fundi wa lifti akishuka ngazi ghorofa nne, ujue moyo umeungua. Nyuma yake Bi Herufi hakulia. Alivuta cheti cha ndoa cha watu wengine akaanza kukitafsiri, akakosea jina la bwana harusi mara mbili.

Miwani Mbili alikuwa mama wa makamo, miwani moja puani na nyingine kichwani, mikono ikipapasa meza.

"Shikamoo, mama. Unatafuta nini?"

"Marahaba. Miwani. Keti."

Akasoma kurasa moja moja, kidole kikifuata mstari. "Kazi safi hii. Hata S.B.4 kaipata! Sub-Branch 4, tawi dogo namba nne la ofisi ya usajili, lilishafungwa zamani. Kapiga simu mara kumi na moja, na jina la karani aliyemjibu kaliandika hapa."

Fundi akajikuna shingo. "Mara kumi na moja?"

"Kumi na moja."

"Basi gonga tu, mama yangu. Kesho nina ubalozi."

"Taratibu, kijana. Mtafsiri akimwachia mwenzake kazi, kuna fomu ya sababu. Lazima niisome, isije ikawa umemtukana." Akaisogeza karibu na pua. "Sababu ya kutogonga muhuri: mwenye hati ni mchumba wangu."

"Mchumba wa nani?"

"Wake. Kwani wewe ni nani? Hongera, mwanangu."

"Lakini mama... mimi hata sijamposa!"

Miwani Mbili akashusha miwani ya puani, akamtazama kwa macho matupu. Kisha akageuza muhuri, akamwonyesha kiapo kilichochongwa chini yake. "Sisi kila tukigonga, tunaapa kwamba mwenye hati si ndugu yetu, si mwenzi wetu, wala hatutarajii awe. Angekugongea, angekuwa ameapa kwamba wewe si kitu kwake. Ulitaka aape hivyo?"

Muhuri ukagongwa, pa, pa, pa, na fundi akipepesa macho kila pigo.

Hakungoja kufika mlangoni. Simu aliipiga pale pale koridoni.

"Nani?" Bi Herufi akauliza, ingawa jina lilikuwa likiwaka kwenye kioo.

"Mtu uliyemwandikia uchumba bila kumjulisha."

"Kwa hiyo Miwani Mbili kaisoma kwa sauti."

"Jengo zima limesikia. Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Wiki tatu unanihesabia mizigo, makoti, baridi ya huko. Soksi zilitajwa, mimi sikutajwa. Nije niseme, Fundi, nioe? Nina haya zangu."

"Lakini kwenye fomu ukaandika."

"Kwenye fomu siwezi kusema uongo. Kwako naweza kunyamaza."

Fundi akaegemea ukuta. Karani aliyepita na majalada akampisha, akidhani anaumwa.

"Nisamehe, mpenzi. Nilikutukana, nawe ulikuwa unanipigania."

"Ulinifananisha na hitilafu."

"Nimesema nisamehe. Nataka kukuoa. Nasema mchana kweupe, kwa akili zangu timamu. Mkataba unaruhusu mke baada ya miezi sita. Uje unifuate. Mimi Kihispania hata maji sijui kuomba."

"Ahaa! Unataka mkalimani."

"Nataka mke. Maji nitaomba kwa ishara."

Fundi akamsikia akicheka kwa pua.

"Nenda ubalozini kwanza," Bi Herufi akasema. "Kisha kesho saa kumi uje nyumbani. Mama atakuwepo."

Alhamisi saa kumi fundi alikuwa sebuleni kwa mama mtu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakwaruza, risiti ya ubalozi mfukoni: hati zote zimepokelewa, hakuna swali hata moja. Bi Herufi, gauni la zambarau, alikaa kwenye kiti cha pembeni akijifanya anasoma gazeti.

"Haya, baba," mama mtu akasema. "Umekuja kwa shughuli gani?"

"Mama, mimi... nimekuja... kuhusu... yule pale..."

"Mwanangu kazi yake ni kumalizia maneno ya watu," mama akasema bila kutabasamu. "Mimi simalizii ya mtu. Mimi huambiwa yote kwa kirefu."

Bi Herufi hakuinua macho gazetini kumsaidia. Fundi akasimama, akameza mate, akayasema yote, kuanzia jina lake kamili mpaka tarehe ya harusi, bila kifupisho hata kimoja.